Namna ya kuchagua stenlesi: 201, 304, 316 na ndugu zao

Ukiingia duka la vyuma ukaomba bomba la stenlesi la inchi moja na nusu, huenda ukaoneshwa mabomba matatu yaliyolala pamoja, yote mapya, yote yanang'aa, na bei zake zimeachana mbali. Muuzaji atakwambia moja ni 201, jingine 304, la tatu 316. Kwa macho hakuna anayeweza kuyatofautisha, hata aliyeshika vyuma maisha yake yote. Ndiyo maana wengi huchagua kwa bei, na misimu miwili ya kusi ikishapita, reli ya roshani imeshaanza kupata rangi ya chai.

Nimeandika mwongozo huu kwa ajili ya anayejenga, anayefungua mgahawa, anayeagiza tangi la maji, na fundi anayetaka kumshauri mteja wake kwa haki. Msimamo wangu ni mmoja: namba ya stenlesi huamuliwa na mahali kitu kitakapokaa na vitu vitakavyokigusa, wala si na mng'aro wake. Kwanza soma mahali, kisha chagua namba, kisha hakikisha umepewa namba uliyolipia. Wengi huanzia dukani, na hapo ndipo hasara inapoanzia.

Hatua ya 1: Fahamu kilichomo ndani

Stenlesi ni chuma kilichochanganywa na kromi isiyopungua asilimia 10.5. Kromi hiyo ikikutana na hewa hujenga utando mwembamba mno usioonekana, na utando huo ndio unaozuia kutu. Ukiukwaruza hujirudi wenyewe, mradi hewa ipo na uso ni safi. Adui wake mkubwa ni kloridi, iliyomo kwenye chumvi ya bahari, chumvi ya chakula, na hata kwenye asidi ya kusafishia tailizi. Kloridi hutoboa utando pahali padogo, panatokea kishimo cha ukubwa wa ncha ya sindano, na kishimo hicho huendelea kuchimba kwenda ndani huku uso wote unaokizunguka ukiwa bado unang'aa.

Namba nne ndizo utakazokutana nazo zaidi.

430 ina kromi asilimia 16 hadi 18 na haina nikeli. Inashikwa na sumaku kama chuma cha kawaida. Ni ya bei nafuu, na ndani ya nyumba penye ukavu inafaa kabisa.

201 ina kromi ya kiasi hichohicho, lakini nikeli yake imepunguzwa hadi asilimia 3.5 mpaka 5.5, na pengo limezibwa kwa manganisi, asilimia 5.5 hadi 7.5. Hii ndiyo inayowachanganya watu, kwa sababu inang'aa kama 304 na haivutwi na sumaku.

304 ina kromi kama asilimia 18 na nikeli kama 8. Ndiyo ile 18/8 inayopigwa mhuri nyuma ya vijiko. Kama mtu amesema "stenlesi nzuri" bila kutaja namba, mara nyingi ana hii akilini.

316 ina kromi asilimia 16 hadi 18, nikeli 10 hadi 14, na juu yake imeongezwa molibdenamu asilimia 2 hadi 3. Molibdenamu ndiyo unayolipia. Kazi yake ni kuuimarisha ule utando mbele ya kloridi.

Hapa pana jambo ambalo wauzaji wengi hawalisemi: 304 na 316 zina nguvu sawa. Ngazi ya 316 haibebi uzito zaidi ya ngazi ya 304 yenye unene uleule, wala haina maringo zaidi kwa sura. Unachonunua ni kinga dhidi ya chumvi, basi. Kama chumvi haipo, pesa yako ya ziada haijafanya kazi yoyote.

Herufi L mwishoni, kama 304L au 316L, maana yake ni kwamba kaboni imepunguzwa isizidi asilimia 0.03, wakati 304 ya kawaida huruhusiwa hadi 0.08. Chuma kikipata joto la kati ya nyuzi 450 na 850 wakati wa kuchomelea, kaboni huinyakua kromi iliyo karibu na mshono, na ukanda huo unabaki bila kinga. Kwa shiti nyembamba za milimita moja au mbili tatizo hili ni dogo kwa sababu joto hupita haraka. Kwa kipande kinene, tangi, au bomba la kiwandani linalochomelewa, agiza L bila kujiuliza. Viwanda vingi siku hizi hutoa shiti zinazotimiza masharti ya 304 na 304L kwa pamoja, kwa hiyo mara nyingi hutalipa zaidi.

Kuhusu bei, nikeli ndiyo inayopandisha na kushusha kila kitu. Tarehe 8 Machi 2022 soko la metali la London lilisimamisha biashara ya nikeli baada ya tani moja kupita dola 100,000. Bei ya nikeli ikipanda namna hiyo, 201 hujaa madukani, na kishawishi cha kuiuza kwa jina la 304 kinakua nacho.

Hatua ya 2: Soma mahali

Chukua kalamu uandike majibu ya maswali haya kabla hujapiga simu ya kuulizia bei. Kitu kitakaa umbali gani na bahari? Mvua itakifikia? Kitaguswa na maji gani, na yana chumvi kiasi gani? Kitapata joto? Nani atakiosha, na kwa dawa gani?

Umbali na bahari ni swali la kwanza kwa mtu wa Dar es Salaam, Tanga, Mombasa, Malindi au Unguja. Wataalamu wa stenlesi wa Australia, nchi yenye pwani ndefu kuliko yetu, wanahesabu kwamba madoa ya kahawia hutokea zaidi ndani ya kilomita 5 kutoka ufuko wenye mawimbi ya kuvunjika, na ndani ya kilomita 1 hivi kutoka maji yaliyotulia. Mimi nautumia mpaka huo hapa kwetu, ila natazama na upepo. Nyumba ya Paje au Jambiani, pande za mashariki ya Unguja, inapokea kusi moja kwa moja kutoka baharini miezi mingi ya mwaka, na manyunyu ya mawimbi yanayovunjika kwenye mwamba yanafika mpaka ndani. Nyumba iliyo upande wa magharibi, nyuma ya minazi na majengo, ina hali nyingine kabisa hata kama umbali na maji ni uleule.

Mvua nayo watu huielewa kinyume. Hufikiri kwamba kilichofunikwa ndicho kilicho salama. Kwa stenlesi ya pwani, mvua ni rafiki kwa sababu inaosha chumvi. Nenda kwenye roshani yoyote ya ghorofa iliyo karibu na bahari, utazame reli kwa juu, pale inaponyeshewa: safi. Kisha pitisha kidole chini ya bomba, upande usioonekana. Kidole kinatoka na unga wa kahawia. Ndivyo ilivyo pia kwa reli ya baraza iliyo chini ya paa, taa za ukutani na bawaba za milango. Chumvi inatua hapo kila siku, unyevu wa usiku unaiyeyusha, na hakuna kinachokuja kuiondoa. Kwa hiyo kitu kilichofunikwa pwani kinahitaji namba ya juu, au mtu wa kukiosha, kuliko kile kilicho wazi.

Bara ni habari nyingine. Arusha, Dodoma, Nairobi, Kampala, Kigali: 304 ikikaa nje huko inadumu bila shida, isipokuwa karibu na kiwanda kinachotoa moshi mkali. Ziwa Viktoria ni maji baridi, kwa hiyo hata Mwanza na Kisumu 304 inatosha, hata ukiwa ufukweni. Mtu anayekuuzia reli ya 316 kwa nyumba ya Kisumu anakuuzia kitu kizuri usichokihitaji.

Kisha maji. Kwa maji yaliyomo ndani ya tangi au bomba, kanuni inayotumiwa sana ni hii: kwenye joto la kawaida, 304 inafaa mpaka kloridi ya miligramu 200 hivi kwa lita, na 316 mpaka 1,000 hivi. Maji ya bahari yana kama 19,000. Visima vingi vya ukanda wa pwani vimeingiliwa na maji ya bahari, na Dar es Salaam tatizo hili linafahamika muda mrefu. Maabara ya maji itakupa kipimo halisi, nakusihi uende. Lakini ulimi nao una taarifa: binadamu huanza kuisikia chumvi kwenye maji kloridi inapokaribia miligramu 250 kwa lita. Kama maji ya kisima chako yana ladha ya chumvi hata kidogo, 304 imeshafika mwisho wa uwezo wake, usiihesabu tena.

Joto hubadilisha hesabu yote. Maji yenye chumvi yakipita nyuzi 60 hivi, stenlesi za jamii ya 304 na 316 huweza kupasuka pale chuma kinapovutwa, na mipasuko hiyo huwa myembamba kama unywele. Kwa hiyo tangi la hita ya sola lililotengenezwa kwa 304 likijazwa maji ya kisima chenye chumvi, mwisho wake unajulikana. Kwa maji ya namna hiyo tafuta tangi lenye enameli kwa ndani pamoja na fimbo ya magnesiamu inayoliwa na kutu badala ya tangi, nayo fimbo ibadilishwe ikiisha.

Hatua ya 3: Chagua namba kwa kila kitu

Reli, geti na madirisha ya pwani ndani ya mpaka nilioutaja: 316, na uso uwe laini. Uso una uzito karibu sawa na namba yenyewe. Bomba la 316 lililopigwa msasa mkwaruzo huhifadhi chumvi ndani ya mikwaruzo yake na linaweza kupata madoa kabla ya 304 iliyong'arishwa sawasawa. Ukipenda sura ya msasa, agiza msasa mwembamba, na mistari yake iende juu-chini ili maji yateremke. Wenye vipimo hutaka ukwaru usizidi maikromita 0.5.

Meza za jikoni, sinki na rafu za mgahawa: 304. Chakula chetu cha kila siku, maziwa, uji, tui la nazi, wala mchuzi wa nyanya, havina uwezo wa kuitoboa. Kinachoitoboa ni usafi uliokosewa. Dawa za kuua vijidudu zenye klorini zikimwagwa bila kuzimuliwa na kuachwa usiku kucha kwenye sinki zitaacha vishimo hata kwenye chuma cha bei gani. Zimua, paka, ngoja muda ulioandikwa kwenye chupa, suuza kwa maji mengi, futa.

Panapotengenezwa achari, au panapowekwa samaki au pweza kwenye chumvi: 316L. Hapo usibishane.

Makopo na matangi ya maziwa: 304 inatosha, na 304L kwa tangi lililochomelewa. Mfugaji wa Njombe au wa Nyandarua asidanganywe alipie zaidi.

Sufuria na vijiko: 18/8 na 18/10 zote ni jamii ya 304, 18/0 ni jamii ya 430, haina nikeli, na inafaa kwa kijiko kinachooshwa na kukaushwa. Wenye majiko ya induksheni wajue kwamba sufuria ya 304 tupu haipati moto humo, ndiyo maana sufuria nzuri hubandikwa tabaka la 430 kwenye kitako. Na kama sufuria yako mpya ina vidoadoa vyeupe vya vishimo chini, tazama unavyotia chumvi. Chembe za chumvi zikitupwa kwenye maji baridi huzama, zinakaa pale kwenye kitako, na kila chembe inaanza kula mahali pake. Tia chumvi maji yakishachemka na uikoroge.

201 ninaikubali kwa mapambo ya ndani, fremu za vioo, miguu ya viti sebuleni, mbali na bahari. Sina ugomvi nayo ikiuzwa kwa jina lake na kwa bei yake. Kwa bafu, kwa nje, na kwa pwani, niache.

Kuna 303, ambayo wakereza vyuma wanaipenda kwa sababu salfa iliyoongezwa ndani yake inafanya ikatike kwa urahisi kwenye mashine. Salfa hiyohiyo inaipunguzia kinga ya kutu na inaifanya ipasuke ikichomelewa. Ekseli ndogo ya mashine ya ndani, sawa. Pini ya mashua, hapana.

Chini ya maji ya bahari hata 316 si ya kuaminiwa. Bolti iliyozama ndani ya mbao yenye maji haipati hewa, utando haujirudi, na bolti inaliwa kimyakimya mahali pasipoonekana. Kwa kazi za kudumu majini watu hupanda hadi 2205, yenye kromi 22, nikeli 5 na molibdenamu 3, na hata zaidi ya hapo. Nguvu yake nayo ni zaidi ya mara mbili ya 316, kwa hiyo unaweza kutumia kipande chembamba na kufidia sehemu ya bei.

Hatua ya 4: Ondoa mianya kabla ya kupandisha namba

Hii ndiyo hatua inayorukwa na wengi, nami naiona ina faida kuliko kuhama kutoka 304 kwenda 316. Mwanya ni pahali popote ambapo maji huingia na hewa haiingii: chini ya flanji ya reli (bamba linaloifunga sakafuni au ukutani), kati ya vipande viwili vilivyochomelewa kwa nukta nukta, chini ya kibandiko, chini ya washa. Chumvi hujikusanya humo, oksijeni inakwisha, na kutu inaanzia hapo.

Mwambie fundi achomelee mshono mzima kuzunguka, asiruke. Flanji zizibwe kwa silikoni isiyonuka siki. Bomba lililo wazi mwisho wake lifunikwe. Bapa lisiloteremsha maji liinamishwe kidogo. Vitu hivi havina gharama kubwa, na reli ya 304 iliyotengenezwa hivi bara itaishi kuliko ya 316 iliyorukwarukwa pwani.

Mahali pamoja pasifanyiwe mzaha ni juu ya bwawa la kuogelea lililofunikwa. Tarehe 9 Mei 1985, mjini Uster nchini Uswisi, dari ya zege iliyoning'inizwa kwa fimbo za stenlesi juu ya bwawa ilianguka na watu 12 wakafa. Fimbo zilikuwa zimepasuka kutokana na mvuke wenye klorini. Kama unajenga bwawa la ndani, kitu chochote kinachobeba uzito juu yake kisiachiwe 304 wala 316. Mwite mhandisi anayejua aina zilizoruhusiwa kwa kazi hiyo.

Hatua ya 5: Hakikisha umepewa ulichoomba

Sumaku ina kazi moja: kuikamata 430. Ikinata kwa nguvu kila mahali, hiyo si 304. Lakini isiponata, hujathibitisha chochote, kwa sababu 201, 304 na 316 zote hazivutwi. Na ikinata kidogo kwenye kona iliyokunjwa au kwenye mshono, usimkatalie muuzaji: 304 ikikunjwa hupata usumaku kidogo, hiyo ni tabia yake.

Kuna vichupa vya dawa ya kupimia vinavyouzwa kwa wafanyabiashara wa vyuma. Vya kutofautisha 201 na 304 hutambua manganisi. Vya kutofautisha 304 na 316 hutambua molibdenamu, na vingi huja na betri ndogo. Unasafisha pahali padogo, unadondosha tone, unatazama rangi ukilinganisha na karatasi ya maelekezo. Chukua kipande unachokijua kwa hakika ukijaribu kwanza, kisha ndiyo ujaribu mzigo. Kwa anayenunua mara kwa mara, hiki ni kifaa cha lazima. Kwa mzigo mkubwa, kama wa hoteli au kiwanda, lipa mtu mwenye bunduki ya eksirei ya kupima metali. Kwa sekunde chache inakuonesha asilimia za kromi, nikeli na molibdenamu. Haisomi kaboni, kwa hiyo kuhusu L utategemea karatasi.

Karatasi yenyewe ni cheti cha kiwanda, aina ya 3.1 kwa kanuni ya Ulaya ya EN 10204. Ndani yake pana namba ya tanuri, yaani namba ya mkupuo wa chuma kilichoyeyushwa pamoja. Namba hiyo ilingane na iliyoandikwa kwenye shiti au bomba. Cheti kisicholingana na mzigo ni karatasi tu. Kwenye vyeti vya Ulaya utakuta namba nyingine: 1.4301 ni 304, 1.4307 ni 304L, 1.4401 ni 316, 1.4404 ni 316L, 1.4016 ni 430, 1.4372 ni 201.

Kwenye bolti ni rahisi zaidi. Tazama kichwa chake: A2 ni jamii ya 304, A4 ni jamii ya 316. A4-70 maana yake ni jamii ya 316 yenye nguvu ya megapaskali 700. Bolti isiyo na alama yoyote usiitundikie kitu kizito.

Pima na unene, kwa kuwa hapo ndipo wizi mdogo hufanyika mara nyingi kuliko kwenye namba. Shiti ya futi 4 kwa 8 yenye milimita 1 kamili ina uzito wa karibu kilo 24. Iweke kwenye mizani. Ikiwa na kilo 19, umeuziwa milimita 0.8.

Mwisho, risiti iandikwe namba. "Bomba la stenlesi" halikusaidii ukirudi kulalamika. "Bomba la 316, milimita 38, unene 1.5" linakusaidia.

Hatua ya 6: Karakana isiiharibu

Stenlesi nyingi zinazoitwa feki ni halisi, zimeharibiwa na grenda. Fundi akikata chuma cha kawaida pembeni, cheche zake hurukia bomba la stenlesi, zinanata, na wiki ijayo bomba limejaa vidoa vya kutu. Diski iliyokwisha kukata chuma cheusi isiguse stenlesi. Brashi ya waya iwe ya stenlesi. Meza ya kazi itandikwe mbao au plastiki.

Vijiti vya kuchomelea vifuate namba: E308L-16 kwa 304, E316L-16 kwa 316, na E309L-16 unapounga stenlesi na chuma cha kawaida. Uliza fundi akuoneshe paketi. Reli ya 316 iliyochomelewa kwa kijiti cha 308 ina kinga ya 304 kwenye kila ungio, na maungio ndiyo yanayokaa na maji.

Ile rangi ya buluu na kahawia inayobaki kandokando ya mshono watu huiona pambo. Chini yake chuma kimepungukiwa kromi, na ndipo kutu itakapoanzia. Iondolewe yote, kwa msasa mwembamba au kwa dawa ya kupaka. Dawa hiyo mara nyingi ina asidi ya haidrofloriki, ambayo hupenya ngozi na kuua: glavu za kufaa, miwani, hewa ya kutosha, na jeli ya kalsiamu glukoneti iwe mkononi kabla kopo halijafunguliwa. Kama fundi hana vitu hivyo, atumie msasa.

Nati za stenlesi zina tabia ya kuumana na bolti zake zikikazwa kwa kasi. Paka grisi kwenye nyuzi, kaza kwa mkono taratibu, usitumie drili. Na usikaze shiti kubwa ya stenlesi kwa bolti ndogo ya chuma cha kawaida, maana penye unyevu bolti hiyo ndiyo itakayoliwa kwanza.

Nyumba inapomalizwa, mafundi wa tailizi huosha kwa asidi. Mvuke wake peke yake unatosha kuharibu reli mpya chumbani. Tailizi zioshwe kwanza, reli ifungwe baadaye.

Hatua ya 7: Kuosha, na kushughulikia iliyokwisha kubadilika

Pwani, osha kwa maji baridi yasiyo na chumvi, sabuni ya maji na kitambaa, hasa sehemu zilizofunikwa. Mara moja kwa mwezi ni kiasi kizuri. Penye manyunyu, kila wiki. Usitumie stilwaya, kwa kuwa vipande vyake hubaki na kupata kutu.

Kama madoa yameshatokea, yasugue kwa kitambaa na dawa laini ya kung'arishia, kisha pitisha ukucha. Ukucha ukiteleza, ni doa la juu tu: safisha, suuza, endelea na ratiba ya kuosha, wala hakuna haja ya kubadilisha chuma. Ukucha ukikwama kwenye vishimo, namba uliyonayo haitoshi kwa mahali hapo. Unaweza kukipiga msasa mwembamba na kuking'arisha ili kununua muda, lakini kipande kitakachofuata kiwe cha namba ya juu. Kutu ikitoka chini ya flanji au kwenye mshono peke yake huku bomba likiwa safi, tatizo ni mwanya au kijiti cha kuchomelea, na namba ya bomba haina kosa. Fungua flanji utazame bolti. Zikiwa zimeliwa shingo, badilisha zote kwa A4, hata zile zinazoonekana nzima.